Sufuri Kumi na Moja

“Usiandike hivyo,” nilimwambia. “Hakuna neno kama hilo.”

Yule mwanamke aliondoa vidole kwenye kibodi, akaviweka mapajani. Katika kisanduku cha kutafutia alikuwa ameandika *Andi Thangi*, kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayebonyeza kengele ya nyumba asiyoijua. Nilivuta kibodi kwangu, nikafuta maneno yote mawili, nikaandika yaliyo sahihi: *Adi Cagi*. Niliyazungushia alama za nukuu ili mashine isiyatenganishe, nikaweka mipaka ya miaka, 1950 hadi 1965. Kabla sijabonyeza nilikuwa najua jibu lake, kwa sababu swali hilo nilishaliuliza miaka minne nyuma, mara kumi na moja, kwa njia kumi na moja.

Sufuri.

“Unaona?” nikasema. “Boti hiyo haimo.”

Sauti yangu ilikuwa ya kawaida. Kwa miaka hamsini na sita, mtu pekee niliyemsikia akilitaja jina hilo kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa mama yangu, na sasa mgeni aliyeingia katika maktaba yetu ya chuo kutoka mvuani alikuwa amelitia kwenye mashine mbele yangu. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kumsahihishia tahajia.

Aliitwa Urmila Dayal, kwa jina la ukoo wa mama yake, mwalimu wa hisabati huko Brisbane, mwenye miaka arobaini na kitu, begi la mgongoni na viatu vya kupandia milima, kana kwamba Suva ni msitu. Mama yake alizaliwa Labasa, huku kwetu Fiji, akahamishiwa Australia akiwa na miaka minane, na alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita. Urmila alikuja kumtafuta babu aliyepotea baharini. Alipofika mezani kwangu alisoma kitambulisho kifuani, akasema, “Habari za asubuhi, Bi Ateka.”

“Ateca,” nilimwambia, nikilitamka kama linavyotamkwa: Atedha. “Hiyo c yetu husomwa dh.”

“Basi si mngeandika dh tu?”

“Tuiandike kwa faida ya nani?”

Alicheka. Nami nilicheka, kwa adabu ya kazi.

Kwetu herufi hizi hufundishwa mtoto akiwa na miaka sita. Kila sauti ina herufi yake moja. B hubeba m isiyoandikwa, d hubeba n, g ni ng', na c ni ile dh ya dhahabu. Mji wa Nadi hutamkwa Nandi. Mgeni akishuka kwenye ndege akausema kama ulivyoandikwa, madereva wa teksi hutazamana. Ni mpango safi, nami nimeupenda tangu darasa la kwanza jinsi watu wengine wanavyopenda wimbo wa shule. Sijawahi kuliandika jina la mtu au la mahali kwa kufuata sikio. Nimewasahihisha wengi waliofanya hivyo, wakiwamo maprofesa.

Baba yangu, Peceli Baleicolo, alikuwa na miaka ishirini na saba alipoondoka. Alikuwa kibarua wa bandarini Suva, mtu wa kisiwa cha Koro, kijiji cha Nacaqara. Mwaka 1957 mfanyabiashara mmoja wa Labasa alinunua boti kuukuu, akaipaka rangi, akaipa jina jipya, *Adi Cagi*, yaani Bibi Upepo, akatafuta mabaharia watano wa kwenda nayo visiwa vya kaskazini. Baba alimwambia mama jina la boti mlangoni mwa chumba chao cha kupanga, akanibusu mimi niliyekuwa na mwaka mmoja, akaenda. Hiyo ndiyo habari yote aliyokuwa nayo mama. Alipokwenda kuuliza bandarini, karani alimwambia hakuna boti ya jina hilo katika vitabu vyake. Lilikuwa na umri wa wiki tatu tu, na bado halijaandikishwa.

Miaka miwili baadaye mtu wa Nacaqara alirudi kutoka Port Vila, mji wa visiwa jirani vya magharibi, na kusema amemwona Peceli huko, amenenepa, anauza mikate. Hakuzungumza naye. Alimwona akiwa ng'ambo ya barabara. Kijiji kizima kiliipokea habari hiyo, na sikilaumu: ndugu anayeuza mikate ni bora kuliko ndugu aliyeko chini ya maji. Lakini mke wa ndugu huyo ni mke aliyeachwa.

Nguo nyeusi za msiba kwetu mtu hajivishi. Huvishwa na ukoo wa marehemu, na siku mia moja zikitimia ukoo uleule humvua, watu wakala na kunywa, mjane akarudi duniani. Ukoo wa baba ulikataa kumvisha mama, kwa kuwa hapakuwa na maiti wala msiba. Akajivisha mwenyewe. Na kwa kuwa hakuvishwa na mtu, hapakuwa na mtu wa kumvua. Nilikua nikimjua mama yangu kwa rangi moja. Sokoni walimwita mjane wa muuza mikate, na baadhi yao waliona kuwa ni jina la heshima.

Mwaka 2009, akiwa na miaka sabini na minne, alipanda meli hadi Koro, akapiga magoti mbele ya kaka mkubwa wa baba, mzee Waisake, akatoa jino la nyangumi ambalo ndilo huzungumza pale mtu anapoomba jambo kubwa.

“Shemeji,” alisema, “nimekuwa na nguo hizi kwa miaka hamsini na miwili. Mlilieni mume wangu, mnivishe, mnivue. Nisife hivi.”

Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi, lilikuwa katikati ya mkeka. Mtoto wa shangazi yangu, Sakeo, ambaye kwa mila ni mtani wangu na ana haki ya kunisema anavyotaka, alipiga makofi baada ya kunywa, akageuka.

“Si una mashine za kila kitu huko chuoni, Ateca? Iulize basi, mikate ya Vila siku hizi inauzwaje!”

Watu walicheka. Mzee Waisake hakucheka. Aliniuliza kama ni kweli kwamba magazeti ya zamani yote sasa yamo ndani ya kompyuta. Nikamjibu kuwa ni kweli: magazeti na majarida ya visiwa vyote, yaliyochapishwa hapa na yaliyochapishwa Sydney, kila ukurasa umepigwa picha na kila neno linatafutika.

“Boti ikizama na watu, gazeti lingeandika?”

“Lingeandika.”

“Basi utafute,” alisema. “Utakalotuletea ndilo tutakalofuata.”

Mama aligeuka kunitazama. Alitabasamu. Alikuwa na hakika kabisa.

Nilifanya kazi ile kwa siku tatu, na naweza kuthibitisha kuwa niliifanya kwa makini. Niliandika jina la boti ndani ya alama za nukuu, kisha bila alama. Nilijua kwamba mashine inayosoma kurasa zilizofifia hukosea, huiona c kama g au e au o, kwa hiyo niliandika *Adi Gagi*, na *Adi Eagi*, na *Adi Oagi*. Niliweka nyota mahali pa herufi za mwisho ili mashine ikubali mwisho wowote. Nilitafuta jina la baba peke yake, na jina la ukoo peke yake, na yote mawili pamoja na neno *baharia*. Nilipanua miaka, nikaifinya tena. Niliandika katika daftari kila swali, tarehe na saa, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Maswali kumi na moja, sufuri kumi na moja. Nilikuwa nimefikiria kila kosa ambalo mashine ingeweza kulifanya.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza mimi huwaambia hivi: ukipata sufuri, lishuku swali lako kwanza. Nimelisema hilo kila muhula kwa miaka ishirini na sita.

Nacaqara nilisema maneno mengine. Nilisimama na daftari langu mkononi, nikasema, “Magazeti ya miaka hiyo yote yamo. Boti ya jina hilo haimo. Wala baba hayumo.” Mzee Waisake aliinamisha kichwa, akalisukuma lile jino la nyangumi juu ya mkeka, taratibu, likarudi kwa mama. Hakuna aliyecheka, hata Sakeo.

Kwenye meli ya kurudi nilimwambia mama kwamba nasikitika, lakini ukweli una faida zake. Alikuwa akitazama mizigo ya watu.

“Kama kompyuta yako imesema,” alijibu.

Jumatatu ile alizifua zile nguo, akazikausha, akazikunja, akawapa wanawake wa kanisa. Jumapili alivaa gauni la manjano lenye maua. Majirani walimsifu. Mimi nilidhani amekubali, na kwa kiasi fulani nilijisifu moyoni. Hakulitaja tena jina la baba, wala sikuona ajabu.

Na sasa Urmila Dayal alikuwa akinitazama pembeni ya skrini.

“Dada,” alisema, “mimi Kifiji sikijui. Nakijua kwa sikio tu. Mama alikuwa akisema *Andi Thangi*, hivyohivyo, kila siku ya kumbukumbu ya babu. Hebu niache niandike makosa yangu. Yakikataa nakwenda zangu kula.”

Nilimwachia kibodi. Nilifanya hivyo kama mtu anavyomwachia mtoto usukani wa gari lililozimwa.

Aliandika. Alibonyeza.

*Matokeo 6.*

Nakumbuka kwamba niliona tarakimu ile na kufikiri kuwa ni ya swali jingine, la mtu mwingine, lililobaki kwenye skrini. Urmila alikuwa ameshabonyeza la kwanza. Ukurasa ulifunguka, wa jarida la mwezi la Sydney, Machi 1958, na neno lake lilikuwa limepakwa rangi ya manjano katikati ya safu ndefu ya habari za meli. Nilisoma kwa kasi ninayosoma siku zote.

Ilikuwa habari ya mistari kumi na minne. Boti *Andi Thangi* ya Lambasa ilivunjika juu ya mwamba wa kaskazini mwa kisiwa cha Futuna mwezi Novemba. Hakuna aliyepona. Mapadri wa misheni waliokota ufukweni kopo la biskuti lililozibwa kwa lami, lenye karatasi za boti, na kutokana nazo waliweza kuwataja waliokuwamo. Miili minne imezikwa katika makaburi ya misheni. Taarifa imepelekwa nyumbani kwa mwenye boti. Kisha majina: R. Dayal, mfanyabiashara. Nahodha, mtu wa Rotuma. Kisha Petheli Mbaleitholo, baharia, wa Koro.

“Babu!” Urmila alishika mdomo kwa mikono miwili. “Huyu hapa! R. Dayal! Mungu wangu, mama alikuwa anasema kweli. Bibi alipata barua na hakujua kusoma Kiingereza, akaiweka tu kwenye…” Akanigeukia. “Una nini?”

Nilikuwa nahesabu herufi. P, e, t, h. Nilihesabu jina lote, herufi kumi na nane, nikarudia. Nilikuwa nikitafuta mahali ambapo si yeye. C imekuwa th, b imekuwa mb. Mhariri wa Sydney alikuwa ameandika kwa faida ya wasomaji wake, wasiojua herufi zetu, kwa njia ambayo sisi tuliidhani imekufa na wazee wa karne iliyotangulia. Sikuweza kujitetea kuwa sikuijua. Ramani za zamani zenye *Mbau* na *Lambasa* zilikuwa kwenye ukuta, mita nne kutoka nilipokaa. Nilizipita kila siku, nami niliziona kama mapambo.

“Kuna mtu wako hapo?” Urmila aliuliza.

“Wa tatu.”

Alisogea, akasoma kwa sauti, vibaya na sawasawa kabisa: “Petheli Mbaleitholo. Ni nani?”

“Baba yangu.”

Alisoma tena mistari ile. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mwalimu wa hisabati anayeangalia mstari ambao haufuati uliotangulia, “Lakini ulisema boti haimo.”

Nilichapisha nakala mbili. Printa ilikwama, nikaifungua, nikatoa karatasi iliyokunjamana, nikaifunga. Nilimpa Urmila nakala yake, nikamwonyesha jinsi ya kuandika tarehe na ukurasa. Alinikumbatia, nikasimama wima ndani ya mikono yake. Alipoondoka nilichukua lile daftari la 2009 kutoka kwenye droo. Maandishi yalikuwa mazuri. Kila swali lilikuwa na namba. Nililirudisha ndani kwa sababu saa nane nilikuwa na darasa. Somo la siku hiyo lilikuwa jinsi ya kuchagua maneno ya kutafutia. Nililifundisha hadi mwisho. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama naumwa.

Mama alikuwa akimenya magimbi nilipofika. Nilimwambia aweke kisu chini, hakukiweka. Nilimsomea ile habari nikiigeuza kwa lugha yetu, mstari kwa mstari, pamoja na namba ya ukurasa. Nilipomaliza nilieleza kosa lilikuwa wapi, kwa urefu, herufi kwa herufi. Nadhani nilieleza zaidi ya ilivyohitajika.

“Soma tena jina lake,” alisema. “Lisome kama walivyoliandika.”

“Petheli Mbaleitholo.”

“Ndiye.” Aligeuza gimbi, akaendelea kumenya. “Sasa hao wazungu walikosea wapi?”

Nilikuwa nimetoka kulieleza kosa hilo kwa robo saa.

“Mama, nisamehe.”

“Futuna ni mbali?”

“Ni mbali. Lakini kuna makaburi. Wanne wamezikwa. Hawakusema ni wepi.”

“Wanne kati ya wangapi?”

“Saba.”

Alizitia zile namba kichwani. Niliona akizitia. Kisha akasema, “Nacaqara utakwenda kusema wewe. Mimi nilishasema.”

Tulikwenda wote wawili, kwa meli ya Alhamisi. Mzee Waisake alikuwa na miaka themanini na mitano na alikuwa haoni vizuri, wakamwegemeza kwenye nguzo. Nilikaa mkekani, mahali palepale. Safari hii jino la nyangumi nilikuwa nalo mimi. Nilisema tarehe, jina la jarida, ukurasa. Nikasema kwamba mwaka 2009 niliwaambia boti haikuwapo, na kwamba ilikuwapo, na kwamba aliyekosea si mashine wala si gazeti. Sauti yangu haikutetemeka. Nilitaka itetemeke.

Yule aliyeleta habari ya mikate alikuwa ameshafariki. Sakeo alikuwa amekaa karibu na bakuli, na macho ya watu yalimwendea, maana ilikuwa zamu yake kwa mila, na wote tulijua kuwa alikuwa na la kusema.

“Mtani,” alisema hatimaye, “leo sikuwezi.” Akatazama mkeka.

Mzee Waisake aliomba karatasi. Hakuweza kuisoma, kwa macho wala kwa lugha. Aliishika muda mrefu kwa ncha za vidole. Kisha alilipokea jino la nyangumi, akalibusu, akamwita bintiye.

“Mleteeni mke wa mdogo wangu nguo,” alisema. “Leo ndiyo siku ya kwanza.”

Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa nimewaza kwamba watasema kweli, amekufa, na mambo yataisha. Lakini aliyeanza peke yake hakuwa ameanza, na ili mama yangu avuliwe ilibidi avishwe upya na wenye haki hiyo, akakae siku mia moja, naye alikuwa na miaka sabini na minane na daktari wa Suva alishatuambia kuhusu moyo wake. Nilifungua mdomo kuliweka jambo hilo mbele yao, kama taarifa. Mama alinigusa goti, nikanyamaza.

Wanawake wa ukoo walileta gauni jeusi la mmoja wao, kubwa kwake mabegani. Walianza kulia, kwa sauti ile ya zamani inayoanzia chini, kilio cha mtu aliyekufa miaka hamsini na sita nyuma, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa. Walimvisha juu ya lile gauni lake la safari. Binti wa Waisake alipofika kwenye vifungo vya mgongoni akanipisha. Mama alikuwa amesimama wima, uso ukutani. Vifungo vilikuwa tisa, vidogo, vya kitambaa. Nilivifunga vyote kuanzia juu.

“Umeruka tundu,” mama alisema bila kugeuka.

Nikavifungua vyote, nikaanza upya kutoka chini.